Distribyuta ya gari la zamani: uikarabati, uiwekee elektroniki, au ununue ya kupangwa kwa simu?

Gari langu ni Peugeot 504 ya kabureta, injini ya sisi 1,971, na kwa miaka mingi liliwaka kwa distribyuta ileile ya Ducellier (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), ile ya pointi, yaani swichi ndogo inayofunguka kila cheche inapotakiwa. Mjini lilikwenda vizuri. Safari moja tukiteremka Mombasa, tulipopita Mtito Andei likaanza kunoki, yaani mafuta kulipuka vibaya silindani kwa kuwa cheche imewahi mno. Kila nikikanyaga mafuta kulipita lori, nasikia mlio kama wa sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Nilisimama Voi, nikalegeza nati ya distribyuta, nikaizungusha kidogo sana ili cheche ichelewe, tukafika salama. Tuliporudi Nairobi gari likawa zito, halina pikapu, mpaka nilipoirudisha pale pa kwanza.

Tangu hapo nimeipitia kazi ya distribyuta kwa njia zote ninazozilinganisha hapa, nyingine kwenye gari langu, nyingine kwenye magari ya marafiki. Wenye Beetle, Land Rover za zamani, Datsun 1200 na Corolla za injini ya K huniuliza swali moja: nitoe pointi niweke elektroniki? Mimi naona swali hilo limeruka hatua. Kinachofyatua koili (inayozalisha umeme wa cheche) ni jambo moja. Cheche inatoka lini, na inazidi kuwahi kiasi gani kadiri injini inavyoongeza mzunguko, ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili naliita mpando wa taimingi, na kwa mtu anayeishi Nairobi ndilo lenye uzito.

Hewa ya Nairobi na hewa ya Pwani

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko la Mombasa. Silinda inavuta hewa kidogo, mchanganyiko unawaka polepole, kwa hiyo unataka kuwashwa mapema zaidi. Tena haunoki upesi, kwa sababu joto na mkandamizo silindani viko chini. Fundi anayekupangia taimingi kwa sikio akiwa Ngara au Industrial Area hupata pahali patamu kweli, ila utamu huo ni wa Nairobi. Ukiteremka, silinda inajaa, moto unakimbia, na cheche ileile sasa imewahi kupita kiasi.

Kuna la pili ambalo wengi hawalitazami. Kikombe cha vakyumu ubavuni mwa distribyuta, kinachowahisha cheche injini ikiwa haina mzigo mkubwa, hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyo ndani ya manifoldi (njia ya kuingizia hewa silindani). Hewa ya nje ikiwa hafifu, mvuto nao hupungua, kwa karibu inchi 5 za zebaki ukilinganisha Nairobi na Mombasa. Kikombe kilichotengenezwa kwa barabara za Ulaya zilizo karibu na usawa wa bahari huku kwetu hakivuti mpaka mwisho. Ndiyo maana gari linaweza kuwa na taimingi sahihi kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), sahihi ukipiga resi, halafu likala mafuta ukiwa umetulia kwenye kilomita 80 kwa saa.

Kwa hiyo kila chaguo nitalipima kwa maswali mawili. Je, linarekebisha mpando, au linabadilisha tu kinachofyatua koili? Na likikufia Sultan Hamud, njiani kwenda Mombasa, saa mbili usiku, utafanya nini?

Kuikarabati ileile ya pointi

Hapa ndipo pa kuanzia, hata kama mwishowe utanunua kitu kingine, kwa sababu hapa ndipo utakapojua ugonjwa wa gari lako. Vua kofia, shika ncha ya shafti, isukume huku na huku. Ikicheza, bushi imekwisha. Pengo la pointi kwenye Ducellier yangu ni milimita 0.4. Shafti ikiyumba milimita 0.1 tu, umepoteza robo ya pengo, na pengo likibadilika taimingi inabadilika nalo, tena kwa kila silinda kivyake. Ukimulika alama ya puli kwa taa ya taimingi, utaiona inacheza badala ya kusimama. Hakuna moduli (kijisanduku cha elektroniki cha kuchukua nafasi ya pointi) ya kuponya shafti inayoyumba.

Bushi mpya ya shaba nyeusi fundi yeyote mzuri wa leithi ataichonga. Kama ni ile yenye vinyweleo, iloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuigonga mahali pake. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko chini ya bamba la pointi: vizito viwili na springi mbili. Shafti ikizunguka, vizito vinatanuka, vinasogeza mbele kemu (kile kinachofungua pointi), cheche inawahi. Springi ndizo zinazoamua vitanuke mapema au baadaye, na kituo cha vizito ndicho kinachoamua vitanuke mpaka wapi.

Na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Springi hizo mbili hazifanani, na hazikukusudiwa kufanana. Nyembamba hushika tangu mwanzo. Nene mara nyingi ina kitanzi kirefu chenye ulegevu, haianzi kuvuta mpaka mzunguko upande. Matokeo yake ni mpando wenye miinuko miwili: wa haraka kwanza, kisha wa taratibu. Nimefungua distribyuta zaidi ya moja na kukuta mtu ameona springi hazilingani, akaweka mbili nyembamba ili ziwe sawa. Gari la namna hiyo linapokea mpando wote likiwa bado kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, na linanoki kila ukipanda mlima kwa gia ya nne.

Kituo cha vizito kina hesabu yake. Distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krenki (shafti kuu ya injini), kwa hiyo digrii 1 kwenye distribyuta ni digrii 2 kwenye krenki. Distribyuta nyingi za Lucas zina namba iliyogongwa kwenye bamba la vizito, kwa mfano 13 au 15. Hizo ni digrii za distribyuta, yaani 26 au 30 za krenki. Tuseme injini yako inapenda cheche itoke digrii 32 za krenki kwa jumla kabla pistoni haijafika juu. Ukiwa na vizito vya digrii 26, kwenye sailensa utalazimika kuanzia 6 tu, na kwa hewa ya Nairobi 6 ni kidogo: gari linaondoka kwa uvivu. Ukipunguza nafasi ya vizito mpaka 20, kwa kujazia tundu au kuvisha pini bushi ndogo, unaweza kuanzia 12 bila kuzidisha jumla. Kazi hiyo hugharimu muda kuliko fedha, na ndiyo iliyolibadilisha gari langu kuliko chochote nilichonunua baadaye.

Kuipima huhitaji mashine. Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe, halafu soma taimingi kwenye mizunguko 800, 1,500, 2,000, 2,500 na 3,000, uandike kwenye daftari. Kama puli yako ina alama moja tu, chora nyingine mwenyewe: zidisha kipenyo kwa 3.14, gawanya kwa 360. Puli ya milimita 150 hutoa milimita 1.31 kwa kila digrii, kwa hiyo digrii 30 ni milimita 39 na kidogo. Utepe wa karatasi na rangi nyeupe vinatosha.

Pointi zenyewe si kitu cha kudharau. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na magari yale yalikimbia kwa pointi kwenye matope na vumbi ambalo leo hatulijui. Udhaifu wake ni kwamba kisigino huchakaa, pengo hupungua, na cheche inachelewa kidogo kidogo bila wewe kugundua. Kuna na janga la spea feki. Kondensa (kijikopo kinachozuia pointi kuungua) zimenizimia gari mara mbili, zote mpya kutoka kwenye pakiti. Rota (kile kidole kinachozunguka chini ya kofia na kugawa umeme) nazo zipo zinazopitisha umeme kwenye riveti hadi kwenye shafti. Gari linamisi ukilipa mzigo, fundi anabadilisha plagi, anabadilisha nyaya, anagusa kabureta, na mkosaji yuko chini ya kofia anatazama. Ukipata rota na kondensa nzuri za zamani, nunua zaidi ya moja.

Kwa swali la usiku wa Sultan Hamud, pointi zinashinda zote. Kipande cha msasa laini, bisibisi, na pakiti ya kiberiti ya kukisia pengo, unafika nyumbani.

Moduli chini ya kofia ileile

Pertronix ya Marekani na wenzake hutengeneza kijisanduku kinachokaa palipokuwa na pointi, pamoja na pete yenye sumaku inayovaa kemu. Kihisi kinasoma sumaku, koili inafyatuliwa. Hakuna pengo, hakuna kisigino, hakuna kondensa. Kwa nje huoni tofauti isipokuwa nyaya mbili. Kama unalipeleka gari Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ukifungua boneti kila kitu kinaonekana cha wakati wake.

Ukilinganisha na pointi, faida ni uthabiti. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 4,000 hutaka cheche 133 kila sekunde, na koili inapata chini ya milisekunde 8 kati ya cheche na cheche. Moduli hufanya hivyo leo na mwakani bila kusogea. Asubuhi za Julai, gari langu lilikuwa linawaka kwa mzungusho wa kwanza.

Ila moduli haigusi mpando. Vizito ni vilevile, springi ni zilezile, kikombe cha vakyumu ni kilekile. Kama zamani ulikuwa unanoki Voi, utaendelea kunoki Voi. Mtu akikuambia gari limepata nguvu baada ya kuweka moduli, mara nyingi ni kwamba pointi zake zilikuwa zimekwisha, au alipofunga moduli alipanga taimingi upya kwa taa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi. Nguvu hiyo angeipata bila kununua kitu.

Masharti yake yaheshimu. Ile Ignitor ya kwanza ya Pertronix kwa silinda nne inataka koili ya om 3. Ukiweka ya chini ya hapo inapata joto na kufa. Inataka volti 12 kamili, si zile zilizopitia waya wa kupunguza. Land Rover na Morris za zamani ambazo chanya ya betri imefungwa kwenye bodi zinahitaji moduli ya aina yake, usifunge ya kawaida. Na usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima. Moduli yangu ya kwanza niliiua hivyo, na niliumia, maana nilikuwa nimesubiri wiki tatu ifike. Ikifa haitoi dalili: gari linazima, basi. Ndiyo maana anayeiweka na asibebe pointi na kondensa kwenye buti anajitafutia makubwa.

Ya mtumba kutoka gari jipya kidogo

Hii ni njia ya wenye Datsun na Toyota, na kwao ni njia nzuri mno. Injini za familia ya A za Nissan na za familia ya K za Toyota ziliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi, na zile za baadaye zilipewa distribyuta za elektroniki kutoka kiwandani. Pale Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, unaweza kukuta ya 5K iliyotoka kwenye LiteAce. Kabla ya kulipa, iweke ubavuni mwa yako: meno ya gia, urefu wa shafti, ncha inayoshika pampu ya oili, upande rota inakozungukia. Sukuma shafti uone kama inacheza. Ujue pia kwamba mpando wake ulipangwa kwa injini nyingine, kwa hiyo kazi ya springi na daftari inabaki palepale.

Wenye Beetle nao wana njia inayofanana na hii, ile 009 ya Bosch isiyo na vakyumu. Inapangwa digrii 28 hadi 32 ikiwa juu ya mizunguko 3,000, na ni imara. Kwa kabureta za kawaida za Beetle mimi siipendekezi. Ukitoka kwenye raundabauti kuna sekunde gari linasita, kwa sababu ule mvuto wa vakyumu uliokuwa unaliwahisha haupo tena. Tafuta yenye kikombe.

Ya kupangwa kwa simu

123ignition ni kazi ya Waholanzi: distribyuta mpya kabisa, umbo la zamani, ndani haina vizito wala springi. Ya kawaida ina mipando 16 iliyokwisha kuandikwa, unachagua kwa bisibisi. Ile iitwayo TUNE+ unaipanga wewe mwenyewe kwa simu kupitia Bluetooth: kwenye mizunguko 1,000 nataka digrii kadhaa, kwenye 2,000 kadhaa, na kadhalika. Kwa mtu aliyewahi kujazia tundu la vizito na kulipiga tupa, kusogeza nukta kwa kidole ni jambo la kushangaza.

Lakini sababu yangu ya kuinunua ni nyingine. Kihisi chake cha shinikizo hakilinganishi manifoldi na hewa ya nje. Kinasoma shinikizo lenyewe lililo ndani ya manifoldi. Nikikanyaga mafuta mpaka chini nikiwa Nairobi, kinasoma kilopaskali 82 hivi. Nikifanya vilevile Mombasa, kinasoma karibu 100. Kwenye jedwali langu, kwa 100 nimeongeza sifuri, kwa 82 nimeongeza digrii 3, na kwa 50, gari likiwa limetulia barabarani, nimeongeza 10. (Hizo ni za gari langu, usizinakili, anza chini zaidi usikilize.) Sasa gari linapoteremka kutoka Emali kwenda Voi, taimingi inajirudisha yenyewe kadiri hewa inavyozidi kuwa nzito. Lile la kusimama Voi na spana limekwisha. Kwa vizito na springi hili haliwezekani, hata ungekuwa na fundi bora Afrika Mashariki nzima, maana vizito havijui uko wapi.

Faida nyingine ni kwamba shafti na bushi ni mpya, kwa hiyo ugonjwa ule wa kuyumba umeondoka pamoja na distribyuta kuukuu.

Bei ndiyo inayofikirisha. Ni Euro mia kadhaa kabla ya usafirishaji, ushuru, na VAT ya asilimia 16. Ukiongeza kusubiri, ni uamuzi wa nyumba, si wa gereji. Na ikifa, hakuna wa kuifungua Sultan Hamud. Kofia na rota bado zipo, kwa hiyo mvua za Aprili na rota feki bado ni adui zako.

Kuiondoa distribyuta kabisa

Rafiki yangu mwenye Land Rover amefika huku. Gurudumu la meno 36, moja likiwa limeondolewa, limefungwa kwenye puli ya krenki. Kihisi kinasoma meno. Kompyuta ndogo ya Ford iitwayo EDIS na kijisanduku cha Megajolt vinafyatua koili moja kwa moja. Kila jino ni digrii 10, na hakuna gia wala shafti ya distribyuta ya kuleta kuchezacheza. Taimingi yake ni tulivu kuliko ya kifaa chochote nilichokitaja, mpando unaandikwa kwenye jedwali, na Megajolt ikikata mawasiliano EDIS inarudi digrii 10 ili ufike nyumbani.

Kwa hesabu tu, hii ndiyo bora. Lakini mabano ya kihisi lazima yatengenezwe na mtu makini, gurudumu lizunguke bila kuyumba, na ukiwa na kasoro ndogo ya waya utakaa barabarani na mafundi watano wakikutazama. Kwa gari la mbio au la safari za mbali porini, sawa. Kwa gari la babu unalotaka wanao walikute lilivyokuwa, mimi nisingetoboa wala kuchomea chochote.

Kama ningekuwa wewe

Gari linalozunguka Nairobi, Kiambu na Naivasha, nisingetoka kwenye distribyuta yake. Bushi mpya, springi sahihi, jumla iliyopimwa, kisha moduli kama huna subira ya pointi. Datsun au Corolla, ningepita Kirinyaga Road kwanza. Anayeshuka Pwani mara tatu kwa mwaka na familia ndani, aanze kuweka akiba ya TUNE+. Na kama fedha haipo, bado kuna njia ya bure: panga gari Nairobi kwa taa, chora mstari mmoja kwa msumari kati ya distribyuta na bloku, izungushe distribyuta mpaka gari lisinoki ukiwa Pwani, chora mstari wa pili. Kwa gari langu mistari hiyo miwili imeachana kwa upana wa ukucha.

Mistari bado ipo. Ducellier ya zamani iko kwenye buti ndani ya kitambaa cha kanga, ikiwa na bushi mpya, pointi zimepangwa 0.4, na kondensa nzuri imefungwa pembeni. Kuibadilisha kandokando ya barabara huchukua dakika ishirini. Nimejipima nyumbani, usiku, kwa tochi.